KISUKARI: UNAWEZA KUJIKINGA HATA HAPA KAMBINI



Wengi hudhani kisukari ni ugonjwa wa matajiri. Sivyo. Anayeishi kwa mgao naye anaweza kuupata, hasa kama chakula chake ni unga na mafuta bila mboga, na siku nzima anakaa bila kazi.

Kisukari cha watu wazima huja polepole. Sukari huzidi katika damu kwa miaka bila mtu kuhisi lolote. Baadaye huleta vidonda visivyopona, kukatwa mguu, upofu na ugonjwa wa figo. Dawa zake ni za maisha yote, na kambini dawa zinaweza kuchelewa. Kwa hiyo ni afadhali kuuzuia.

JE, UNAZUILIKA?

Ndiyo. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulihusu watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kuupata. Waliosaidiwa kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki waliugua kwa asilimia 58 chini ya waliopewa ushauri wa kawaida tu.

Lakini kila mmoja wao alikuwa na mshauri wake na alipimwa uzito mara kwa mara. Hapa hatuna hayo. Utafiti wa India wa mwaka 2006 unatufaa zaidi. Watu walishauriwa kutembea nusu saa kila siku, kuacha sukari na kupunguza mafuta. Uzito wao haukupungua sana, lakini ugonjwa ulipungua kwa asilimia 28 hivi. Maana yake, si lazima ukonde ndipo upate faida.

JIPIME KWA KAMBA

Chukua kamba, pima urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, uikate hapo. Ikunje katikati, kisha izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu. Isipofika kuzunguka, tumbo lako ni kubwa mno na uko katika hatari. Mama mjamzito asitumie kipimo hiki.

Hatari huzidi pia ukiwa na zaidi ya miaka 40, ukiwa na mzazi au ndugu mwenye kisukari, ukiwa na shinikizo la damu, au kama ulipata kisukari ukiwa mjamzito.

FANYA HIVI

1. Punguza sukari ya chai. Kama umezoea vijiko vitatu, wiki hii weka viwili, wiki ijayo kimoja. Ulimi utazoea.

2. Usiuze maharage yote ili ununue sukari au soda. Maharage hushibisha muda mrefu na hayapandishi sukari ya damu haraka.

3. Ukipata mahindi mazima, saga dona bila kukoboa.

4. Panda mchicha (lengalenga) au matembele nje ya nyumba, hata ndani ya gunia lenye udongo. Maji yaliyooshea mboga yanatosha kumwagilia.

5. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.

6. Tembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, ndani ya kambi, kabla jua halijawa kali. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Mama anayebeba maji na kuni tayari anafanya mazoezi. Anayecheza bao kutwa ndiye anayehitaji kuinuka. Baba, beba ndoo moja.

7. Undeni kikundi cha majirani wanane au kumi. Kutaneni mara moja kwa wiki, mtembee pamoja na kuulizana mlivyofanya. Kikundi ndicho mshauri wenu.

NANI ASIPUNGUZE CHAKULA?

Mtoto, mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa kifua kikuu, na yeyote aliyekonda au anayekula mlo mmoja kwa siku. Hawa wasijinyime chakula. Watembee kadiri ya nguvu zao na waache sukari ya ziada tu.

NENDA ZAHANATI UKIONA HAYA

Kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi hata usiku, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona. Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe siku hiyo hiyo. Kisukari cha watoto hakisababishwi na chakula wala uchawi. Bila insulini mtoto hufa.

Kama tayari unatumia dawa, usiziache kwa sababu ya kutembea au mitishamba. Mgao ukichelewa na huna chakula, wahi zahanati ueleze, maana dozi yako huenda ikahitaji kubadilishwa. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, lamba sukari mara moja, kisha tafuta msaada.

Ukishasoma, mpe jirani karatasi hii, na asiyejua kusoma umsomee. Kisha mwombe kamba mjipime.