Kipilefti Baada ya Kiama

Dereva wa Tanzania huzunguka vipilefti kila siku, wala hakumbuki kwamba neno hilo lilianza kama agizo la Kiingereza la kushika kushoto. Masikio yetu yalisikia ki-, tukaweka vi- kwenye wingi. Madigadi, kutoka mudguard ya Kiingereza, nayo tukayavua ma-, tukapata digadi moja. Wanaisimu huita jambo hili uchanganuzi upya: msemaji hulipasua neno geni kwa kisu alichonacho nyumbani.

Russell Hoban, Mmarekani aliyehamia London, alijenga riwaya nzima kwa kisu hicho. Riddley Walker ilitoka mwaka 1980, baada ya kazi ya zaidi ya miaka mitano. Msimulizi, Riddley mwenyewe, ni kijana wa miaka 12 anayeishi Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, miaka zaidi ya 2,000 baada ya maangamizi ya nyuklia. Kwake mji wa Dover ni Do It Over, yaani "rudia tena". Prime Minister, yaani Waziri Mkuu, amegeuka Pry Mincer, mdadisi anayesaga nyama. Na Addom ni Adamu na atomu kwa pamoja, mtu mdogo mwenye kung'aa aliyepasuliwa vipande viwili. Sijui neno jingine la kubuni lililobeba mzigo mkubwa hivyo.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha karatasi ya kale inayoeleza mchoro wa Mtakatifu Eustace katika Kanisa Kuu la Canterbury, mchoro uliompa Hoban wazo la riwaya hii mwaka 1974. Mtawala, huyo Pry Mincer, anaisoma kama siri ya nguvu zilizopotea. Akikuta hamlet, yaani kijiji kidogo, anasikia ham ya nguruwe na -let ya udogo, basi anatafsiri "vinguruwe". Sarufi yake haina kasoro. Sisi tulipounda kipilefti, mzunguko wenyewe ulikuwepo barabarani, mtu akikosea anaonyeshwa kwa kidole. Yeye hana wa kumwonyesha.

Mwanaisimu mkali atalalamika, na nakubaliana naye: Kiingereza cha miaka 1,000 iliyopita Mwingereza wa leo hakielewi bila kufundishwa, sembuse cha miaka 2,000 ijayo. Lakini Hoban alihitaji msomaji aelewe kwa shida, aende polepole kwa mwendo wa Riddley. Gharama alilipa mwenyewe: alikiri kwamba kabla ya kitabu hicho alikuwa hodari wa tahajia, na baada yake hakuwa tena.