Mashine ya Kuvuta Mgongo: Kabla Hujauza Mahindi

Kwetu Katumba, mkoani Katavi, kuumwa mgongo kunachukuliwa kama sehemu ya kilimo. Makazi yale yalianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na pori likageuzwa mashamba kwa jembe la mkono. Jembe linataka uiname. Mgongo ndio unaolipa.

Mwaka huu mama yangu mkubwa aliambiwa diski imetoka. Ukoo ukaanza kuhesabu magunia ya mahindi ya kuuza, apelekwe mjini kwenye mashine ya kuvuta mgongo. Mimi nasoma ualimu, siyo udaktari, lakini nyumbani ukishafika chuo wewe ni msomi wa kila kitu. Nikaulizwa: inaponya kweli? Ikabidi nisome.

Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski. Nje ni ukuta wa nyuzi ngumu, ndani ni ute mzito. Ukuta ukichakaa au kuchanika, ute husukumwa nje na kubana mshipa wa fahamu. Ndiyo maana maumivu huanzia kiunoni, yakapita takoni, yakashuka hadi mguuni.

Kwenye mashine unalala kitandani, unafungwa mikanda kifuani na nyonga, kisha mota inakuvuta na kukulegeza kwa zamu. Hakuna kisu. Wanaoitetea wanasema pingili zikiachana, presha ndani ya diski inashuka na ute unarudi. Wazo lenyewe ni la kale: Hippocrates wa Ugiriki aliwavuta wagonjwa kwa kamba juu ya ubao.

Sasa ushahidi. Mwaka 2013, watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 32 ya tiba ya kuvuta kwa watu wenye maumivu ya kiuno, wakiwemo wale ambao maumivu yanashuka mguuni. Walikuta faida ni ndogo au haipo. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilishauri kuvuta kusitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu ya kiuno.

Mbona basi wapo wanaotoka wamepona? Kwa sababu wengi wenye diski iliyotoka hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 hata bila mashine. Mara nyingi mwili wenyewe huufyonza ule ute. Ukivutwa wiki hizohizo, sifa zote inachukua mashine.

Kinachoshauriwa ni cha bei ndogo: usilale tu kitandani, tembea kadiri unavyoweza, fanya mazoezi uliyoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na dawa za maumivu zitumike kwa ushauri. Wachache huhitaji upasuaji.

Ila kuna dalili zisizosubiri: mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au haja kutoka bila kujijua. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yakija na homa za jioni na kukonda, apimwe pia kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Nyumbani niliwajibu hivi: mahindi yabaki ghalani, mama mkubwa aanze fiziotherapia. Na wewe unayekesha kimbwetani umejikunja juu ya laptop, simama kidogo. Jembe siyo kitu pekee kinachoinamisha watu.