Shamba la Miti la Malolo Lichanganywe

Korosho zikishauzwa na hela zikishaingia mikononi, vijana wa Malolo huanza kuniulizia miche ya misindano. Wanajua nilifanya kazi kwenye vitalu vya Mufindi, na wamesikia habari za watu waliojenga nyumba kwa mbao za mashamba yao wenyewe. Habari hizo ni za kweli. Jibu langu ni lilelile: pandeni miti, ila msipande aina moja, na msindano usiwe wa kwanza.

Msindano uliotapakaa Mufindi asili yake ni milima ya Mexico. Unataka ubaridi, na kwetu Ruangwa ni joto na mvua za msimu mmoja, kisha kiangazi kirefu. Hata udongo una masharti yake. Kitaluni tulikuwa tunazoa udongo wa chini ya misindano mikubwa, ule wenye utando mweupe wa kuvu, tunauchanganya na mboji ndipo tunajaza viriba. Mche unaokosa kuvu hiyo hudumaa na kugeuka njano, hata ukimwagiliwa asubuhi na jioni, kwa sababu kuvu ndiyo inayouchotea madini, nao mti huilipa kwa sukari. Upo msindano wa Karibi unaostahimili joto, na umepandwa hapo jirani, Rondo, kwenye nyanda za karibu mita 900. Huo tunaweza kuujaribu. Kidogo.

Woga wangu mkubwa ni wa aina moja kutawala shamba zima. Mti wa mbao unakaa miaka 20 na zaidi; anayepanda leo hajui mvua za mwaka wa kuvuna zitakuwaje, wala mdudu gani atakuja na joto jipya. Mwaka 1986 kidukari wa msaiprasi alionekana Malawi. Haikupita miaka mitano akawa amefika Tanzania, Kenya na Uganda. Ni mdudu mdogo mno, ananyonya utomvu kwenye matawi, na matawi yanaanza kukauka kwa ndani, yakiwa ya kahawia, huku nje mti bado ukionekana wa kijani. Akiingia kwenye shamba la misaiprasi mitupu, anatembea kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kizuizi. Hata mwerezi wa Mulanje, mti wa fahari wa Malawi, haukusalimika.

Wakubwa wa hapa wanayajua haya kupitia korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa kukiwemo, lakini ugonjwa wa ubwiriunga ulipoingia ulikuta mikorosho imeshikana matawi na ukasambaa. Mpaka leo tunapuliza salfa. Na Nachingwea, jirani zetu, waliwahi kuona matrekta ya Waingereza yakifyeka pori mwishoni mwa miaka ya 1940 ili zipandwe karanga. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, sehemu ya pori ikiwa imeshafyekwa.

Wenzetu wa Ujerumani walipanda sprusi kwa vizazi, hata mabondeni ambako mti huo si wa kwao, kwa kuwa unanyooka na unauzika. Kilikuja kiangazi cha 2018 na kilichofuata, miti ikakosa maji ya kutengeneza utomvu wa kujilinda, mbawakawa wa magome wakaivamia. Mpaka mwaka 2021 hekta zipatazo 500,000 za misitu zilikuwa zimepotea. Sasa wanapanda kwa kuchanganya: sprusi kidogo, na miti ya majani mapana kama mibichi na mialoni. Msitu wa namna hiyo upo Afrika Mashariki tangu zamani. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro podo na mwangati vinasimama pamoja na miti ya majani mapana, kila mmoja na kina chake cha mizizi. Pia kule Bonde la Kilombero kampuni ya mitiki imepanda takriban hekta 8,000 na kuacha eneo kubwa zaidi likiwa pori la asili katikati ya vitalu vyake.

Kwa hiyo Malolo tuanze na visiki. Kwenye shamba letu la zamani la ufuta mninga, mkongo na mtondoro vinachipua vyenyewe. Ninachagua machipukizi mawili yaliyonyooka, ninakata mengine kwa panga, ninafunga kitambaa mtu asije akayafyeka kwa kudhani ni kichaka. Mche wa mninga uliotoka kwenye mbegu husumbua: kila kiangazi shina hufa, mzizi unaendelea chini, na inaweza kuchukua miaka kadhaa kabla haujasimama. Kisiki kina mzizi tayari. Watu wa Dodoma wamefanya hivyo kwa wingi na wanaiita kazi hiyo Kisiki Hai.

Katikati ya visiki nimeweka mitiki, na mikorosho ukingoni. Adui mkubwa ni moto wa wawindaji na wasafisha mashamba, kwa hiyo njia ya moto tunaifyeka Juni, nyasi hazijakauka sana. Mpwa wangu ameomba upande wa juu ajaribu misindano ya Karibi, na udongo wa viriba ataufuata Rondo.