Je, Wajua? Damu inayomsingizia mgonjwa

Kipimo cha kuotesha bakteria wa damu kinaweza kumsingizia mgonjwa ugonjwa asio nao. Bakteria Staphylococcus epidermidis huishi kwenye ngozi bila kumdhuru mwenyewe. Sindano ya kutoa damu ikimsukumia kwenye chupa ya kipimo, mgonjwa wa ICU huweza kupewa antibiotiki ya vankomaisini bure. Kupaka ngozi dawa ya klorheksidini yenye spiriti kabla ya kuchoma sindano hakutoshi: iachwe ikauke, takriban sekunde 30, na mshipa usipapaswe tena (hapo ndipo wengi huharibu). Vifuniko vya chupa navyo vifutwe kwa spiriti. Mililita 1 hadi 2 za kwanza za damu ndizo hubeba uchafu wa ngozi. Zikitengwa, uchafuzi hupungua. Kwa miaka mingi maabara zilivumilia uchafuzi usiozidi asilimia 3 ya vipimo. Tangu 2022 miongozo ya CLSI, taasisi ya viwango vya maabara ya Marekani, inalenga asilimia 1.