Usipoziba Ufa wa Kiwanda

Leo Jumapili nguo za watoto zinapopigwa pasi, hebu geuza ukosi wa shati moja usome kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani yake. Si ajabu ukakuta jina la Bangladesh. Mwaka 2013 nchi hiyo ilikuwa ya pili duniani, baada ya Uchina, kwa kuuza nguo katika nchi za nje, na wengi wa washonaji wake walikuwa wanawake. Shati hilo ni jepesi mkononi, lakini habari zake ni nzito.

Huko Savar, nje kidogo ya jiji la Dhaka, palikuwa na jengo lililoitwa Rana Plaza. Chini mlikuwamo benki na maduka. Juu, viwanda vitano vya kushona nguo. Jengo lilikuwa na orofa nane, na ya tisa ilikuwa ikijengwa. Orofa za juu ziliongezwa bila kibali halali, tena juu ya jengo lililokusudiwa maduka na ofisi, siyo uzito na mtikisiko wa mitambo.

Jumanne, tarehe 23 Aprili, 2013, nyufa kubwa zilionekana. Mhandisi aliyeitwa alisema jengo si salama, na watu wakatolewa. Kesho yake benki haikufungua mlango, na maduka nayo yalifungwa. Lakini washonaji waliitwa kazini. Wengi walisimama nje wakisita. Wakatishwa kwamba asiyeingia atakosa mshahara wake. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na mshahara wa mshonaji haukuwa na akiba ndani yake. Wakaingia.

Kabla ya saa tatu asubuhi umeme ulikatika. Jenereta zikawashwa, jengo likatikisika, na mara orofa zikaangukiana. Watu 1,134 walipoteza maisha, na wapatao 2,500 walijeruhiwa.

Hasara ya wote

Ufa ulikuwa mmoja, na wote waliuona. Basi kwa nini karani wa benki alibaki nyumbani na mshonaji akapanda ngazi? Hapana shaka mshonaji aliujua ufa kama karani alivyoujua. Tofauti ni kwamba hakuwa na chombo cha kumsemea, wala uwezo wa kukataa.

Mwenye kiwanda alihofia kuchelewesha mzigo wa mnunuzi. Mnunuzi wa Ulaya na Marekani alitaka nguo upesi, na kwa bei ndogo. Mteja wa dukani naye alifurahia bei hiyo bila kuuliza imetoka wapi. Kila mmoja aliamini kwamba maslahi yake yanasimama peke yake.

Ukuta ulipoanguka, hakusalimika hata mmoja. Jamaa zilipoteza mama na baba. Mwenye jengo na wenye viwanda walifikishwa mahakamani. Makampuni mashuhuri yaliona nembo zao zikiokotwa katika kifusi mbele ya kamera za dunia nzima. Taifa nalo likaguswa: Juni 2013 Marekani ilisimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikiipa Bangladesh kwa baadhi ya bidhaa zake. Yafaa ieleweke, basi, kwamba mfanyakazi, mwajiri, mnunuzi na serikali walikuwa chini ya paa moja, hata kama wengine hawakuwahi kulikanyaga jengo lile.

Hisani si wajibu

Siku hizi makampuni mengi husema kwamba yana wajibu kwa jamii. Hilo ni jambo jema. Lakini kauli kama hizo zilikuwapo hata kabla ya mwaka 2013. Baadhi ya viwanda vya Rana Plaza vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo, na ukaguzi ule haukumwokoa mtu. Fedha za fidia nazo, dola milioni 30, zilitimia Juni 2015, zaidi ya miaka miwili baada ya mazishi.

Kilicholeta mabadiliko ni mapatano yaliyotiwa saini Mei 2013 kati ya vyama vya wafanyakazi vya kimataifa na makampuni ya nguo, ambayo baadaye yalizidi 200. Mapatano hayo yalikuwa na nguvu ya sheria. Wakaguzi hawakuwa watumishi wa mwenye kiwanda. Ripoti zao zilitangazwa hadharani. Wanunuzi walitakiwa kuhakikisha kwamba fedha za ukarabati zinapatikana. Na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia mahali penye hatari. Viwanda zaidi ya 1,600 vilifikiwa na ukaguzi huo.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni ikileta madaftari shuleni au dawa katika zahanati, ipokewe kwa shukrani. Lakini iulizwe pia: je, mlango wa dharura wa kiwanda chako unafunguka? Mfanyakazi akisema ameona ufa, nani atamsikiliza, na je, mshahara wake utakuwa salama? Majibu ya maswali hayo ndiyo kipimo cha wajibu wa kampuni, maana madaftari hayatamfaa mtoto ambaye mama yake hakurudi nyumbani.