Porsche 911 ya bei chee? Uliza beringi kwanza

Ukiona Porsche 911 ya mwaka 1999 hadi 2005 inauzwa rahisi kuliko nyingine, usikimbilie kutoa hela. Ndani ya injini zake nyingi kuna beringi ndogo, wenyewe wanaiita IMS. Ikisagika, vipande vya chuma vinasambaa kwenye oili na injini nzima inakwisha. Ubaya wake, mara nyingi haitoi dalili mapema.

Mwambie fundi akate filta ya oili, atafute chembe za chuma. Muuzaji naye atoe risiti kama ilishabadilishwa. Kuibadilisha lazima giaboksi ishushwe, hivyo wengi huunganisha na kazi ya klachi. Hana risiti, punguza gharama hiyo kwenye bei. Turbo na GT3 za miaka hiyo hazina shida hii, ila bei yake si mchezo.