Safari ya Ziwa Ellis huamuliwa na saa ya kuondoka

KATIKA miaka ya karibuni, vikundi vya wakazi wa Nairobi na miji mingine vimejenga mazoea ya kwenda kutembea milimani mwishoni mwa juma. Miongoni mwa safari zinazopendwa mno ni ile ya Ziwa Ellis, lililo upande wa mashariki wa Mlima Kenya, katika kimo cha takriban mita 3,450 juu ya usawa wa bahari.

Mvuto wake unaeleweka. Safari hii haihitaji hema wala wapagazi, njia haina majabali ya kukwea kwa kamba, na mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kwenda na kurudi kabla ya jua kutua. Hata hivyo, maneno "siku moja" yamewaponza wengi. Wapo wanaodhani kwamba siku hiyo huanzia kitandani Nairobi na kuishia kitandani humo humo.

Mji wa Chogoria, ambako safari huanzia, uko kando ya barabara kuu ya Embu kuelekea Meru, katika Kaunti ya Tharaka Nithi. Ni mwendo wa takriban kilomita 200 kutoka Nairobi. Kutoka mjini humo, barabara ya udongo hupanda ikikata msitu mnene na mianzi hadi lango la Hifadhi ya Kitaifa ya Mlima Kenya, kwenye kimo cha karibu mita 2,950. Mvua ikinyesha, barabara hiyo huwa utelezi mtupu na magari madogo hayafui dafu. Panapostahili ni gari lenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Langoni ndipo matembezi yenyewe huanza: takriban kilomita 20 kwenda na kurudi, au zaidi kidogo kutegemea njia inayofuatwa.

Ipo kanuni kongwe ya kukadiria muda wa safari za aina hii. Mwaka wa 1892, mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alipendekeza kuhesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Ziwa Ellis, kilomita 10 ni saa mbili, na mita 500 za kupanda ni kama dakika 50. Jumla inakaribia saa tatu. Lakini Naismith alikuwa akiwazia milima ya kwao, ambayo haifiki hata nusu ya kimo cha lango la Chogoria. Ukiongeza uchovu wa hewa nyepesi, mapumziko na wale wanaosimama kupiga picha, saa nne za kwenda na tatu za kurudi ni makadirio ya haki.

Hapa ndipo saa ya kuondoka inapotoa hukumu. Kikundi kilicholala karibu na lango na kuanza safari saa kumi na mbili u nusu alfajiri, kitafika ziwani yapata saa nne u nusu, kile chakula, na kurejea langoni kabla ya saa kumi jioni. Kikundi kilichotoka Nairobi saa kumi za usiku, kikakwama kidogo msituni na kuanza kutembea saa nne u nusu, kitaliona ziwa saa nane u nusu mchana. Kitaanza kurudi watu wakiwa wamechoka, na mwenye miguu mizito kuliko wote atakutwa na giza njiani. Katika nchi ya ikweta, jua hutua karibu saa moja kasoro na giza huingia kwa ghafla. Nyati na ndovu wa mlima huo hawana desturi ya kumpisha mtu.

Aidha, mawingu ya Mlima Kenya hupenda kukusanyika kuanzia saa za kabla ya adhuhuri. Anayechelewa huenda akakosa kuviona vilele alivyovifunga safari kuviona, na badala yake akanyeshewa. Miezi ya Januari na Februari, pamoja na Julai hadi Septemba, ndiyo yenye nafuu ya mvua, ingawa hakuna mwezi wa kuaminika kabisa.

Sababu ya pili ya kulala huko ni hewa. Katika kimo cha ziwa hilo, oksijeni inayovutwa kwa kila pumzi imepungua kwa takriban thuluthi moja ikilinganishwa na ufuoni Mombasa. Mwili huhitaji muda kuzoea, na ugonjwa wa kimo unaweza kumshika mtu kuanzia mita 2,500. Dalili zake za awali ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu. Nguvu za ujana hazimkingi mtu. Mara nyingi vijana wenye mbio ndio hutangulia kuanguka.

Anayeumwa kichwa kidogo apumzike na anywe maji. Ikiwa hali inazidi, anapepesuka kama mlevi, anachanganyikiwa au anahema hali ameketi, dawa ni moja: ashuke mara moja, tena asishuke peke yake. Wenye maradhi ya moyo, pumu, shinikizo la damu au selimundu wamwone daktari kabla ya kulipa nauli, si baada yake.

Kuhusu mavazi, kosa la kawaida ni suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Pamba hufyonza jasho na mvua, kisha upepo huigeuza kuwa barafu mgongoni. Halijoto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Sweta ya sufu, koti lisilopenya maji, kofia na glavu vyote hupatikana kwenye masoko ya mitumba kwa bei isiyoumiza. Viatu vipya vivaliwe nyumbani kwa majuma kadhaa kwanza. Maji yawe lita mbili au tatu kwa kila mtu, na tochi ibebwe hata na anayeapa kwamba atarudi mapema. Nduma, mayai ya kuchemsha na ndizi hushinda biskuti za rangi rangi.

Kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda mlima huo akiwa pekee bila mwongozaji. Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hulipwa kwa njia ya kielektroniki; ni busara kuzikamilisha mjini, kwa kuwa mtandao wa simu huko juu hauaminiki.

Kabla ya kuondoka langoni, kikundi kikubaliane juu ya saa ya kugeuka. Saa saba mchana inafaa. Ikigonga, wote wanarudi, hata kama ziwa limebaki umbali wa kuonekana. Ni vyema mwongozaji ndiye aitangaze, maana rafiki aliyelipa nauli kutoka Nairobi hasikii la rafiki mwenzake. Majina yote yaandikwe kwa askari wa lango na yahakikiwe jioni mmoja baada ya mwingine, kabla ya dereva kuwasha gari.